Kamishna Aliyezikwa Uani

Juba ya miaka ile ya vita ilikuwa na serikali ya saa mbili za usiku. Mchana haikuonekana, ilikuwa hotelini, imevua viatu, inapigwa na kiyoyozi. Lakini ikifika saa mbili, mtangazaji wa televisheni mwenye tai pana kama ulimi wa ng'ombe alitokea na karatasi mkononi akaanza kusoma: fulani ameondolewa, fulani ameteuliwa. Wakubwa walijifunza kula mapema. Wengi wao walikuwa wameshatia mkono kwenye kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, wakiwa mawaziri, na kabla hawajanawa wakawa watu kama wewe na mimi, gari limeondoka na walinzi, na mbwa peke yake ndiye hajapata habari.

Mwaka ule wa 2017 kaunti zilizaliwa kama panya. Palipokuwa na kaunti moja na barabara moja mbovu, pakapatikana kaunti tatu na barabara ileile. Kila kaunti ilitaka kamishna, na kila kamishna alitaka gari, bendera na watu wa kumpigia makofi. Hao watu ndio walikuwa adimu. Wa upande wa kusini walikuwa wameshavuka kwenda Uganda na magodoro vichwani, kuku kwapani, na vijiji vyao vimebaki nyasi na milango inayojipiga kwa upepo. Hilo halikumsumbua mtu. Nyani nao wanahitaji uongozi.

Jioni hiyo Santina alikuwa kwenye kibanda chake mtaa wa New Site, mbele ya ua wake, akiuza sabuni na sukari na kuchaji simu za watu kwa umeme wa jenereta ya jirani. Alikuwa mwanamke mnene wa polepole, aliyeishi Arua, Uganda, ukimbizini tangu msichana hadi akawa mama, na aliyerudi nyumbani siku za uhuru akiimba kama wengine. Kuimba alishaacha. Televisheni aliiweka kibandani kwa ajili ya wateja tu. Yeye alikuwa akichambua maharage, sikio moja huku, moja kule.

Mtangazaji akasema kwamba kamishna wa kaunti mpya ya Lomura ni Saturnino Mogga.

Santina aliinuka, maharage yakamwagika. Akageuka kutazama uani, kama mtu anayetaka kumwita mwenzake aje apokee simu.

Kijana mmoja wa bodaboda, mgeni wa mtaa, akampa hongera. Alikuwa amesikia watu wakisema hapa ni kwa Saturnino. “Mama Susan, bwana yako imekuwa mkubwa.”

“Imekuwa mkubwa,” Santina akasema, “lakini haiwezi kutoka.”

Maana Saturnino alikuwa pale pale, baina ya jiko na choo, chini ya simenti.

Aliuawa katika vita vya Julai mwaka uliotangulia. Hakuwa mwanajeshi wala mwanasiasa. Alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu aliyetoka ndani kwenda kuziba pipa la maji lililotobolewa na risasi. Risasi ya pili ikamkuta palepale, kana kwamba ya kwanza ilikwenda kuiita. Barabara zilikuwa zimefungwa. Santina na shemeji yake Gune wakachimba uani. Katekista alisoma nusu ya sala, bomu likaanguka upande wa mlimani, nusu iliyobaki akaimalizia chini ya kitanda. Hapakuwa na hema, ng'ombe wala hotuba, na serikali haikutuma hata inzi.

Mambo yalipopoa, Santina alilijengea kaburi simenti akasimika msalaba wa chuma wenye jina la mumewe. Alifanya hivyo kwa mapenzi, lakini pia kwa akili. Meja mmoja mwenye miwani myeusi alikuwa ameingia uani na karatasi mpya iliyonukia wino, akisema kiwanja ni chake. Santina hakubishana naye. Alimwonyesha kaburi. Watu wa Juba wanaweza kumnyang'anya mtu hai kiwanja kabla hajamaliza chai, lakini kuchemsha chai yao juu ya mwenye kiwanja aliyekufa, hapo wanaogopa. Meja aliondoka. Tangu hapo, kila alipopita alichungulia juu ya ua kuona kama msalaba bado umesimama.

Basi marehemu alipataje cheo? Siku za kura ya uhuru, Saturnino alimwazima mwanasiasa mmoja, Mheshimiwa Duku, spika zake mbili kubwa, azitumie mkutanoni kuwaambia watu kwamba shida zimekwisha. Shida hazikwisha na spika hazikurudi. Duku akapanda ngazi, na sasa alipoulizwa amtaje mtu mwaminifu wa upande wa Lomura, alimkumbuka yule bwana wa spika ambaye hakuwahi kuja kuzidai. Uaminifu gani zaidi ya huo? Kuuliza kama yu hai hakukumjia akilini. Waheshimiwa wa miaka ile waliwajua raia kama unavyozijua njugu: za mfukoni, hazina majina.

Asubuhi, chai haijatokota, Gune akaingia.

Gune alikuwa mdogo wake Saturnino. Kule Arua alikuwa mchungaji wa kanisa lake mwenyewe hadi waumini walipomkimbia. Huku Juba alikuwa mfanyabiashara, halafu mwasi, halafu mwasi aliyerudi, na mahali pote huko hakuwahi kupata cheo, jambo ambalo katika nchi ile lilihitaji bidii. Baada ya msiba alitaka kumrithi Santina kama desturi inavyoruhusu. Santina alimjibu kwa mchi wa kinu, na kovu liko kwenye nyusi hadi leo. Asubuhi hii alikuwa amevaa koti la suti na kumleta baba yao mdogo, mzee Lokosang, mkubwa wa ukoo aliyebaki Juba, aliyekaa akitazama sufuria.

Gune alieleza kwamba serikali ikikosea haikiri. Wakisema Saturnino amekufa, cheo kitakwenda kwa ukoo mwingine, na ukoo mwingine utacheka.

“Shemeji, sikiza. Jina imeitwa. Jina ni ya nyumba. Mwenyewe hayuko, lakini ndugu iko. Mimi na yeye sura moja, na Mheshimiwa hakuangalia sura siku ile, aliangalia spika.”

Santina akauliza: “Na huyu aliyelala hapa, tutasema ni nani?”

Gune alilitazama kaburi, akalamba midomo.

“Huyu? Huyu ni mimi.”

Mzee Lokosang alikohoa. Gune akaendelea, mate yakimtoka, maana mpango ulikuwa mtamu kwake kuliko chai. Yeye angekuwa Saturnino aliyerudi kutoka matibabuni Kampala. Aliyekufa Julai ni Gune, maskini, Mungu amlaze pema. Na kwa kuwa Saturnino yu hai, nyumba hii ni yake na mke huyu ni wake. Mheshimiwa Duku alikuwa ameshamwambia kwenye simu, akidhani anaongea na Saturnino, kwamba kiwanja kama hiki kando ya barabara kinafaa loji ya ghorofa. Santina angepewa chumba cha nyuma, karibu na tangi. Kibanda kingebomolewa. Kaburi nalo, alisema akipunguza sauti, lingesogezwa kidogo kidogo, baadaye, watu wakishasahau.

Santina alimsikiliza hadi mwisho. Alijua akipiga kelele, Gune atakwenda kwa Duku, Duku atakuja na askari, na askari hawahitaji mpango, wanahitaji anuani tu. Alimmiminia chai, akatia sukari nyingi.

“Kwa hiyo Gune amekufa kweli?”

“Amekufa, shemeji.”

“Utalisema hilo mbele ya watu?”

“Nitaandika kabisa.”

Na kweli akaandika. Alichukua rangi ya bluu iliyobaki kibandani, akapiga magoti mbele ya kaburi la kaka yake, akafuta jina la Saturnino kwa mafuta ya taa, akaandika lake mwenyewe, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza alirudi nyuma kutazama kazi yake, akasema G imekaa vizuri.

Mtu mwingine angeogopa. Lakini Gune alikuwa mtu wa enzi mpya, na watu wa enzi mpya waliamini kwamba desturi ni za wakimbizi na wajane. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Alasiri Santina alifunga kibanda akaenda mtaa wa Malakia, kwa mama Victoria, kiongozi wa akina mama wa kanisa, mwanamke mkavu kama kuni aliyezika watu wengi kiasi kwamba makaburini walimsalimia kwa jina. Alimweleza yote. Victoria alicheka hadi akashika nguzo ya rakuba, kile kibanda cha kivuli mbele ya nyumba, halafu akauliza swali moja: je, mkeka wa msiba uliinuliwa, yaani msiba ulifungwa? Haukuinuliwa. Tangu Julai Santina alikuwa mjane nusu, mwenye sala nusu. Hakuwahi kupata ng'ombe wa kualikia ukoo, wala amani ya kutosha kuimba kwa sauti.

“Ng'ombe sasa iko,” Victoria akasema. “Hema pia iko, ya sherehe ya kamishna. Zote za serikali.”

Kisha wakamwendea mzee Lokosang na kibuyu cha kwete, ile pombe ya mahindi inayolainisha wazee. Mzee aliwaambia yeye si mtu wa kugombana na Waheshimiwa. Akanywa. Akasema tena kwamba yeye kazi yake ni desturi tu: ukoo wake hauwezi kuacha mfu na mlango wazi, jina liko msalabani, limeandikwa na mkono wa mwanamume mwenye akili timamu, nani atamlaumu mzee kwa kusoma kilichoandikwa? Akanywa tena. Tangu aliporudi kutoka Uganda hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kusema kwenye hema lenye spika. Hilo ndilo lililomaliza mjadala.

Sherehe ya kumsimika kamishna ikawekwa Jumamosi, palepale uani. Hema jeupe lilijaza ua wote, viti vya plastiki vikapangwa, fahali akachinjwa nyuma ya choo. Juu ya kaburi Gune aliagiza litandikwe zulia jekundu, na juu ya zulia likawekwa kochi la kuazima kutoka mtaa wa Hai Jalaba, la dhahabu, lenye vichwa vya simba kwenye mikono. Msalaba uliokuwa kichwani pa kaburi ulifunikwa bendera. Kamishna wa Lomura akakaa hapo juu, viatu vya ngozi ya nyoka vikining'inia, maana kaburi na kochi pamoja vilikuwa virefu kuliko miguu yake.

Mheshimiwa Duku alifika kwa magari matatu, tumbo likitangulia. Alimkumbatia Gune akamwita rafiki wa zamani, akasema hajabadilika hata kidogo. Nyuma yake vijana wa ofisini walishusha spika mbili kubwa, wakazifunga kwenye nguzo za hema. Santina alizitambua mara moja. Moja ilikuwa na kitambaa cha mbele alichokishona yeye mwenyewe Arua, kutoka gauni lake la bluu. Mgongoni sasa zilikuwa zimeandikwa jina la Duku kwa rangi nyeupe.

Duku alihutubia. Alisema Lomura itapata shule, hospitali na lami. Alisema wananchi wa Lomura wana furaha kubwa siku ya leo. Kama walikuwa nayo, walikuwa nayo kambini, kwenye foleni ya mahindi.

Makofi hayajakoma, ngoma zikasikika barabarani. Akina mama wa kanisa waliingia kwa mistari, wamevaa nyeupe na mikanda ya bluu, Victoria mbele, na katikati yao Santina, amevaa nyeusi toka kichwani hadi kandambili. Walikuwa wakiimba wimbo wa kuwaaga wafu, polepole. Duku, ambaye hakujua nyimbo za huko alikoombea kura, alitikisa kichwa kwa kufuata ngoma. Gune alijua. Tabasamu likamganda usoni kama mafuta ya mbuzi.

Santina alichukua kipaza sauti kutoka kwa mshereheshaji, kwa upole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Akawasalimu Waheshimiwa. Akasema Mungu ni mwema, amemrudisha mume wake Saturnino akiwa mzima na mnene. Lakini nyumba hii ina msiba usiofungwa. Shemeji yake Gune alizikwa Julai bila heshima, na ndugu yake, Mheshimiwa Kamishna, moyo wake ni mkubwa, hawezi kukubali kula nyama ya sherehe kabla mkeka wa mdogo wake haujainuliwa. Si ndivyo, baba Susan?

Watu wote wakamtazama Gune. Duku alivua kofia, akasema huo ndio uongozi.

Gune akasema ndivyo. Angesema nini?

Basi Victoria akavuta bendera, na msalaba ukaonekana, na jina la bluu lenye G iliyokaa vizuri.

Mzee Lokosang akasimama. Kwa desturi ya ukoo wao, mali ya marehemu hugawiwa kwanza, ili asirudi kuifuata. Vijana wa mtaa, waliotumwa mapema chumbani kwa Gune, wakaleta vitu vyake na kuvipanga juu ya mkeka: godoro la sponji, redio, pasi, mashati, fimbo aliyoipenda enzi za uchungaji, na pikipiki nyekundu ambayo alikuwa akiipangusa kwa kitambaa kila asubuhi. Godoro lilikwenda kwa shangazi mgonjwa wa mgongo. Mashati kwa watoto wa jirani, wayakate. Redio ilichukuliwa na katekista, yule wa chini ya kitanda. Kuhusu pikipiki, mzee alifikiri kwa muda mrefu, akasema marehemu alimpenda sana baba yake mdogo, akajipa mwenyewe.

Gune alivumilia. Jasho lilimtoka hadi likalowesha zulia, lakini alivumilia. Kamishna atapata gari, pikipiki ni nini. Alishika vichwa vya simba kwa nguvu. Kinywani mwa umati vicheko vilikuwa vimeanza kuwasha kama pilipili, maana New Site nzima ilikuwa inajua, isipokuwa wageni wa heshima.

Halafu Lokosang akachukua kibuyu cha kwete, akasogea kichwani pa kaburi. Hata wapishi waliacha miiko. Neno la mwisho la mzee wa ukoo humfungia mfu mlango: kibuyu kikiwa tupu, mwenye jina hana tena mahali katika nyumba za watu. Na ukoo ule ulikumbuka mtu mmoja, aliyedhaniwa amefia vitani enzi za waasi wa Anyanya, aliyerudi baada ya kibuyu chake kumwagwa. Alikula mara moja, akalala, hakuamka. Gune alikulia na hadithi hiyo. Alikuwa ameihubiri hata kanisani kwake, kuwatisha watu.

“Gune mwana wa Mogga,” mzee akasema kwenye spika, akaanza kumwaga taratibu. “Ulikula, ulikunywa, ulitusumbua. Tumekusamehe. Leo tunakufungia. Usirudi kuuliza chakula. Usirudi kuuliza mke. Ukisikia tunacheka, usidhani tunakucheka wewe, wewe hauko. Nenda, mwanangu, na jua lisikuone tena—”

Pombe ilikuwa ikitelemka kwenye simenti, karibu na viatu vya nyoka. Gune aliitazama ikipungua. Akainua miguu juu ya kochi. Akatazama kibuyu, akamtazama Duku, akatazama kibuyu tena, na hapo cheo na roho vilipopimana, roho ikashinda kwa unyoya.

“Baba mdogo, simama,” akasema. “Usimwage. Mimi iko hapa. Gune ni mimi, mimi sijakufa.”

Mzee hakuinua kibuyu. “Kama Gune ni wewe, hapa chini iko nani?”

“Saturnino. Kaka yangu Saturnino. Tulimzika mimi na shemeji, kwa mikono yetu. Nyumba ni yake, kaburi ni yake. Mimi sina kitu hapa. Baba mdogo, tafadhali.”

Alisema hayo karibu na kipaza sauti, na spika za Saturnino, ambazo Duku alikuwa amezifungulia hadi mwisho ili New Site yote isikie ahadi za lami, zikayapeleka maneno hadi barabara kuu. Miongoni mwa waliosikia ni Meja wa miwani myeusi, aliyekuwa amekuja kula nyama.

Mzee alisimamisha kibuyu. Yalikuwa yamebaki matone machache, akayanywa, yasipotee.

Duku alimwita msaidizi wake pembeni. Santina alikuwa karibu akasikia. Mheshimiwa aliuliza kama kuna sheria inayokataza mtu aliyekufa kuwa kamishna. Msaidizi akasema amri haikutaja jambo la uhai. Duku akafikiri. Kwenda kusema kwamba jina alilotoa yeye ni la mfu kungemfanya yeye mwenyewe asomwe saa mbili. Akaamua kwamba hakusikia kitu. Alikula nyama yake, tena ya mbavuni, akapangusa vidole kwenye bendera ya Lomura na kuagiza magari.

Vijana wake walipokuja kufungua spika, walizikuta zimekaliwa. Victoria juu ya moja, shangazi mgonjwa wa mgongo juu ya nyingine, na akina mama wengine wamezunguka, wanaimba. Victoria aliwaeleza kwa adabu kwamba mali ya marehemu bado inagawiwa, na marehemu ni Saturnino sasa. Vijana walimtazama Duku, Duku alitazama pembeni, magari yakaondoka.

Ndipo wakaondoa kochi na zulia, wakainua mkeka kweli. Katekista alisoma sala kuanzia pale bomu lilipoikata. Santina alivua nyeusi, akavaa kitenge cha kijani, na kwa mara ya kwanza tangu Julai alilia kwa sauti, bila kusikiliza risasi. Nyama ilitosha watu wote. Gune alionekana getini akimwomba mzee Lokosang pikipiki. Mzee akamwambia atafikiria.

Wiki iliyofuata Santina alifuta rangi ya bluu akaandika upya jina la mumewe. Alikaa akalitazama. Halafu akachovya brashi tena, akaongeza juu yake, kwa herufi kubwa: MHESHIMIWA KAMISHNA.

Maana amri ya kumwondoa haikusomwa. Si mwezi ule, si mwaka ule. Makamishna wenzake waliteuliwa na kufutwa, wakafungwa, wakakimbilia Kampala na vilivyokuwamo ofisini. Saturnino alibaki kwenye cheo. Hakuiba kitu, hakumpiga mtu, na kati ya wote ni yeye tu aliyekuwa akilala kwenye ardhi yake mwenyewe.

Siku moja Meja alipita tena. Alichungulia juu ya ua kama kawaida, kisha akaingia, akasimama mbele ya msalaba akisoma, midomo ikicheza. Alivua miwani. Akajiweka sawa, akabana visigino, akapiga saluti.

Santina alikuwa akichambua maharage. Meja alimuuliza kwa sauti ya chini kama Mheshimiwa anahitaji chochote.

“Mlinzi wa geti,” Santina akasema. “Wenzake wote wanao.”

Jumatatu yake mlinzi akaletwa, na bunduki na kiti chake.